Hewa Ndani ya Paipu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Lavender alikuwa na kazi tatu. Alijaza mtungi wa maji kwenye kioski, alifagia mbele ya mlango, kisha alikohoa. Kukohoa alikuweka mwisho kwa sababu kulihitaji mahali. Alikwenda nyuma ya choo cha ploti, kilichotumiwa na wapangaji wote, akainama, akajiziba mdomo kwa kitambaa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka. Halafu alijipangusa uso, akarudi ndani kunywa chai kama mtu asiye na neno.

Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa Gredi ya Nane. Aliishi Sarang'ombe, Kibera, kwa mjomba wake Wanzala na mke wa mjomba, Eddah. Wanzala alikuwa fundi wa mjengo. Eddah aliuza omena, wale dagaa wa ziwani, kule Kisumu Ndogo, na nguo zake zote zilinukia omena hata zikifuliwa mara mbili. Walikuwa watu wazuri. Chakula kilikuwepo na hakuna aliyemfokea bila sababu. Lakini hawakuwa mama yake.

Mama yake, Nafuna, aliishi Kabiro, upande wa Kawangware. Si mbali. Lavender alikuwa ameipima njia kichwani mara nyingi: unapanda kutoka Kibera hadi Ngong Road, unaifuata mpaka Dagoretti Corner, unakata kulia, unashuka na Naivasha Road mpaka uanze kusikia kelele za soko. Saa moja na nusu kwa miguu. Hilo ndilo lililomuuma. Mtoto ambaye mama yake yuko Busia anaelewa kwa nini hamwoni. Yeye ambaye mama yake yuko mwendo wa saa moja na nusu, aeleweje?

Mama ndiye aliyemleta, mwezi wa kwanza, na begi moja la nguo. "Kaa kwa anko kidogo," alimwambia, "nitafute nyumba kubwa." Sasa mwezi wa tatu ulikuwa unaisha. Mara mbili ilipangwa Lavender aende Kabiro wikendi, na mara mbili mama alipiga simu akasema kazi ya kufua imekuwa nyingi. Mara ya mwisho aliongeza jambo moja.

"Shule zikifungwa utakuja. Lakini uje ukiwa mzima, unasikia? Nyumba ni ndogo. Sitaki ugonjwa hapa."

Kwa hivyo Lavender alikohoa nyuma ya choo. Kitambaa alichokitumia kilikuwa cha mama, cha rangi ya samawati, alichokichukua siku ile ya begi bila kuomba. Wiki za kwanza kilikuwa na harufu ya sabuni na ya mama. Alikuwa akikiweka usoni akilala. Sasa ile harufu ilikuwa imekwisha. Kilibaki kitambaa tu.

*

Jumapili saa nane, baada ya kanisa, ilikuwa saa ya simu. Anko Wanzala alimpa Lavender simu yake, akatoka nje kukaa kwenye jiwe lake la mlangoni.

"Sasa, mama," alisema Nafuna. Yeye naye alimwita binti yake mama, kwa sababu mtoto alibeba jina la nyanya yake.

"Poa, mama. Uko aje?"

"Niko fiti kabisa. Umekula nini?"

"Ugali na omena."

"Omena tena! Huyo Eddah atakugeuza Mjaluo."

Anti Eddah alikuwa anapepeta omena kwenye ungo, karibu na jiko. "Mwambie wifi nimesikia!" alipaza sauti. "Mwambie Waluhya wanataka kuku tu, na kuku wenyewe hawanunui!"

Nafuna alicheka. Lavender alicheka pia, na kicheko kikaamsha kikohozi. Alikisikia kikipanda kifuani. Haraka aliibana simu kwenye sketi yake, akageukia ukuta, akakohoa ndani ya kitambaa mara nne, tano. Aliporudisha simu sikioni hakusikia kitu. Kimya.

"Mama? Mama, uko?"

Kimya kikaendelea. Kisha sauti ikarudi, nyembamba kidogo.

"Niko. Network ya huku Kabiro ni mbaya sana."

"Hata ya huku."

"Basi soma, mama. Tutaongea Jumapili."

"Mama, nimekumisi."

Kimya tena, kirefu kuliko cha kwanza. "Hata mimi," alisema Nafuna, na simu ikakatika.

*

Jumatatu, mwalimu wa sayansi, Madam Nyawira, alichora miduara miwili ubaoni na kuacha nafasi katikati.

"Hizi ni seli mbili," alisema. Alianza kwa Kiingereza, lakini alipoziona nyuso za wanafunzi akahamia Kiswahili. "Mwili wako umejengwa kwa seli, matrilioni ya seli, na kila moja imezungukwa na utando mwembamba kama ngozi. Nani ataniambia seli hii inaiambia nini ile, na kwa njia gani?"

"Kupitia damu, Madam," alijibu Obonyo, mvulana mrefu aliyekaa nyuma.

"Vizuri. Seli inaweza kuachilia kemikali kwenye damu. Hiyo ni kama spika ya kanisa, mtaa mzima unasikia. Seli zinazogusana nazo zina vijilango kati yao. Lakini iko njia nyingine, na haimo kwenye kitabu chenu. Niliisoma nikaona siwezi kunyamaza nayo."

Alichora mstari mmoja mwembamba kutoka mduara wa kwanza hadi wa pili.

"Utando wa seli unaweza kuvutika. Unanyooka kuelekea seli nyingine mpaka unaigusa, na ukishaungana nayo unakuwa mrija. Mrija huo ni mwembamba mno. Unywele wako mmoja ni mnene mara mia kadhaa kuliko huo."

Adero, rafiki yake Lavender waliyekaa dawati moja, alishika msuko wake. "Hata huu wa kununua, Madam?"

Darasa likacheka. Madam Nyawira naye alitabasamu.

"Hata huo, Adero. Sasa sikilizeni. Kupitia mrija huo seli inatuma ishara. Inaweza kusema, hapa kuna hatari. Inaweza hata kutuma mitokondria, vile vinu vinavyoipa seli nguvu. Imeonekana seli yenye afya ikimpa jirani yake aliyedhoofika mitokondria zake, na jirani akapata nafuu."

"Na ugonjwa je?" aliuliza Obonyo. "Hauwezi kupita?"

"Unaweza. Kuna virusi vimeonekana vikivuka kwa mirija hiyohiyo. Mrija hauchagui kinachopita. Na msiende kudanganya watu nyumbani kwamba tunajua kila kitu. Wanasayansi wameiona mirija hii zaidi kwenye seli wanazozikuza maabara. Ndani ya mwili wa mtu bado wanachunguza."

Lavender aliinua mkono. Si kawaida yake, na Adero alimgeukia.

"Madam, ni seli gani huanza kunyoosha mrija? Ile nzima ama ile iko na shida?"

Madam Nyawira alimtazama. "Hilo ni swali la mtu anayefikiri. Katika majaribio kadhaa niliyoyasoma, ile yenye shida ndiyo iliyoanza. Iliunyoosha mrija kuelekea ile nzima."

Lavender aliliandika hilo. Lilimshangaza. Watu aliowajua yeye hawakuwa hivyo. Mtu akiugua alikaa ndani, akafunga mlango, akasema ni uchovu.

Kabla ya kengele, mwalimu aliwagawa wawiliwawili. Kila jozi ilitakiwa kutengeneza mfano wa seli mbili zilizounganishwa na mrija, uletwe Ijumaa. "Na usiwe mchoro," alisema. "Nataka kitu kipite."

*

Anko Wanzala alikuwa na paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, ndefu kama hatua kumi. Ilikuwa ya kupimia usawa. Mafundi huijaza maji, mmoja anashika ncha huku, mwingine anashika ncha kule, hata kama kuna kona kati yao na hawaonani. Maji yakitulia yanasimama kimo kimoja pande zote mbili. Hapo kila fundi anapiga alama yake ukutani, na ukuta unakaa sawa.

"Anko, naweza kuitumia hiyo shuleni?" aliuliza Lavender jioni ile.

"Ukirudisha ikiwa imepasuka, utaenda wewe mjengo badala yangu. Ni ya nini?"

Lavender alimweleza habari za seli na mirija. Wanzala aliacha shule darasa la sita na hakupenda maneno marefu, lakini alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo ziko na paipu," alisema. "Wacha nikuonyeshe kitu. Shika hapa."

Alimpa ncha moja, yeye akashika nyingine, wakasimama kila mmoja upande wake wa mlango. Maji yalitulia. Kwa Lavender yalifika begani. Kwa Wanzala yalikuwa juu kidogo tu ya kiuno.

"Nani mrefu, mimi ama wewe?" aliuliza Wanzala.

"Wewe, anko."

"Basi mbona maji yako yako juu hivyo na yangu yako chini? Yanatakiwa yawe kimo kimoja kutoka sakafuni. Angalia katikati."

Lavender aliangalia. Katikati ya paipu, mahali ilipojikunja, palikuwa na nafasi tupu, ndefu kama kidole.

"Hewa," alisema Wanzala. "Mwaka jana tulijenga ukuta na paipu iliyokuwa na hewa. Mimi huku napiga alama, mwenzangu kule anapiga alama, kila mmoja anaapa ameona sawa. Mawe yalipofika kiunoni upande mmoja ulikuwa juu kwa vidole vinne. Niliubomoa mwenyewe, mwenye kazi akiwa amesimama hapo ananiangalia. Na hewa si kitu! Si mchanga, si takataka. Ni mahali hapana maji, basi. Lakini inafanya huku kudanganye kule."

Alimwonyesha jinsi ya kuitoa. Unainua paipu pole pole, unaipiga kwa kidole, unaisukuma ile nafasi tupu mpaka itokee mdomoni. Lavender aliinama kuipiga kwa kidole, na kikohozi kikamkamata bila taarifa. Hakupata nafasi ya kutoa kitambaa.

Wanzala aliacha kushika paipu. "Hicho ni nini?"

"Vumbi, anko."

Mjomba alimwangalia kwa muda mrefu. Kisha alichukua kofia yake. "Sawa," alisema. "Vumbi." Akatoka nje.

*

Ijumaa, Lavender na Adero waliweka mfano wao juu ya meza ya mwalimu. Walikata matako ya chupa mbili za soda, wakazigeuza kichwa chini, wakaunganisha midomo yake na ncha mbili za paipu na kukaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Chupa ya Adero ilikuwa seli ya kwanza, ya Lavender ya pili. Maji yalijaa nusu.

"Hii ni seli moja," alianza Lavender, "na hii ni nyingine, na paipu ni mrija wa utando. Lakini mrija wa kweli si paipu iliyonunuliwa dukani. Ni utando wenyewe wa seli umevutika. Sasa Adero ataweka ishara."

Adero alidondosha rangi nyekundu ya chakula ndani ya chupa yake, akaikoroga kwa kidole, akaiinua chupa juu. Maji yalitakiwa yashuke na kuvuka. Hayakuvuka. Rangi iliingia kidogo kwenye paipu ikasimama.

"Inua zaidi," alinong'ona Lavender.

"Nikiinua zaidi nitakuwa Obonyo."

"Network imekatika!" Obonyo alipiga kelele kutoka nyuma, na darasa zima likaangua kicheko. "Haloo! Haloo! Seli, uko?"

Lavender aliifuata paipu kwa macho. Kisha aliiona. Paipu ilikuwa imepanda juu ya kitabu kilichokuwa mezani, na pale juu, kama kilimani, hewa ilikuwa imekaa. Alikitoa kitabu, akainua paipu pole pole, akaipiga kwa kidole kama alivyofundishwa. Nafasi ile tupu ilitembea, ikafika kwenye chupa yake, ikapasuka juu ya maji. Nyuma yake ikaja rangi. Wekundu uliingia chupani kwake ukasambaa kama moshi.

Sasa darasa lilipiga makofi. Hata Obonyo.

"Nini kilikuwa kimezuia?" aliuliza Madam Nyawira.

"Hewa, Madam. Kulikuwa na mahali hapana kitu."

"Na seli ya Adero ilijua kwamba ishara haikufika?"

Lavender alifikiri. "Hapana, Madam. Ilidhani imeshatuma."

*

Jumapili saa nane, simu ilikuwa mkononi tena. Anko Wanzala alikuwa kwenye jiwe lake mlangoni. Anti Eddah alikuwa ameenda kwenye chama, kikundi cha akina mama cha kuweka akiba.

"Wiki ijayo mnafunga shule," alisema Nafuna.

"Ndiyo, mama. Alhamisi. Nije Ijumaa?"

"Eeh, kuhusu hiyo Ijumaa..."

Lavender alijua sauti hiyo. Kikohozi kikapanda. Alibana simu kwenye sketi, akageukia ukuta, akakohoa. Aliporudisha simu sikioni, kimya.

Alisubiri. Aliiondoa simu sikioni akaitazama. Vile vijiti vya network vilikuwa vimejaa vyote. Dakika za simu zilikuwa zinaendelea kuhesabika. Simu haikuwa imekatika hata kidogo. Kwa mbali, kama mtu aliyezibwa kwa blanketi, alisikia sauti. Hakuhitaji kuambiwa ni sauti gani. Aliijua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ametoka kuitoa.

"Network ya huku..." alianza Nafuna aliporudi.

Hapo Lavender aliogopa. Aliogopa kuliko siku zote. Akisema, safari ya Kabiro ingekwisha. Mama alisema aje akiwa mzima. Angeweza kuitikia tu, aseme hata ya huku ni mbaya, waagane, angoje Jumapili nyingine, na nyingine. Kifua kilimkaza tena. Safari hii hakuibana simu kwenye sketi. Alikohoa hapohapo, simu ikiwa mdomoni, mara nyingi, bila kuzuia hata kimoja.

Upande wa pili palikuwa kimya, lakini si kimya kile cha siku zote. Mama alikuwepo.

"Lavender," alisema Nafuna polepole. "Hicho kikohozi ni cha nani?"

"Ni changu, mama."

"Tangu lini?"

"Hii ni wiki ya tatu inaisha. Na usiku natoa jasho mpaka shuka linalowa. Sikusema kwa sababu ulisema nije nikiwa mzima." Sasa alikuwa analia. "Na wewe, mama? Ukiniambia network, si unaweka simu chini?"

Alimsikia mama yake akivuta pumzi. Kisha Nafuna akakohoa, kikohozi kikavu cha mtu aliyechoka, na hakukificha.

"Ni TB, mama," alisema. "Nilipimwa mwezi wa pili. Ninameza dawa, naendelea vizuri, nilibakia na kikohozi hiki kidogo. Kliniki waliniuliza nimeishi na nani. Nikawaambia ninaishi peke yangu. Niliogopa. Wale ninaowafulia wangenifukuza. Na shuleni wangekuita mtoto wa TB. Nikasema heri ukae mbali usijue. Mungu wangu, kumbe nilikupa begi na ugonjwa ndani!"

Lavender aligeuka. Anko Wanzala alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Hakuuliza kumetokea nini. Alinyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu," alisema. Kisha akaongea na dada yake maneno machache. "Nafuna, kesho siendi mjengo. Nampeleka. Na hicho kiapo cha kunyamaza ulichoniapisha, nimekivunja."

*

Kliniki, nesi aliyeitwa Sista Mideva alimpa Lavender kikopo kidogo chenye kifuniko, akamtoa nje mahali penye upepo, akamwambia akohoe kutoka chini kabisa atoe makohozi. Alipigwa pia picha ya kifua. Majibu yalipokuja, yalikuwa yale waliyoyatarajia. Ilikuwa TB, lakini ilikuwa imewahiwa mapema.

"Inapona," alisema Sista Mideva. "Dawa hazilipiwi. Lakini utazimeza kila siku mpaka nikwambie basi, si mpaka ujisikie vizuri. Wengi huacha wakipata nafuu, halafu inarudi na hasira. Umenisikia?"

"Ndiyo, Sista."

"Na nyinyi mnaolala naye nyumba moja, nawataka hapa wote."

Wanzala na Eddah walipimwa, wakaonekana wazima. Sista Mideva alipiga simu kliniki ya Kawangware kuulizia habari za Nafuna. Aliambiwa amemeza dawa zake bila kuruka siku, na kipimo cha mwisho hakikuonyesha vijidudu.

"Naweza kwenda kwa mama lini?" aliuliza Lavender. Ndilo swali pekee alilokuwa nalo.

"Meza dawa wiki mbili kwanza. Halafu tutaangalia."

Wiki mbili hizo zilikuwa ndefu kuliko miezi mitatu iliyopita. Lavender alimeza dawa kila asubuhi mbele ya Anti Eddah, ambaye alimtazama kooni kama anayechungulia kisima. "Fungua. Imeshuka? Haya, kunywa uji." Lakini sasa simu haikungoja Jumapili. Nafuna alipiga kila jioni, naye akikohoa anasema, "Ngoja nikohoe kwanza," na Lavender anangoja.

*

Siku ya safari, Anko Wanzala alimsindikiza. Walitembea pole pole. Lavender alidhani watafika Kabiro ndipo amwone mama, lakini walipofika Dagoretti Corner alimwona amesimama kando ya barabara, mwembamba kuliko alivyomwacha, amevaa sweta yake ya kijani. Alikuwa amekuja nusu ya njia.

"Nimeshindwa kukaa ndani," alisema Nafuna.

Katika mawazo yake yote ya miezi mitatu, Lavender alikuwa akikimbia. Sasa alisimama tu, na mama ndiye aliyemfikia, akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakinusa kama mtu anayenusa mtoto mchanga.

Huko Kabiro chumba kilikuwa kilekile kidogo, ila dirisha lilikuwa wazi na kitanda kilikuwa kimesogezwa karibu nalo. Walikunywa chai. Wanzala alikunywa yake akiwa amesimama mlangoni, kisha akaweka kikombe chini.

"Mimi sikusoma sana, kwa hivyo nitasema kwa kifupi," alisema. "Lavender, mama yako alinyamaza ili usiogope. Wewe ulinyamaza ili usikose kuja. Mimi nilinyamaza kwa sababu niliapishwa. Siku ile ya paipu nilikusikia ukikohoa, nikajua si vumbi, nikasema vumbi. Sote watatu tulikuwa na sababu nzuri, na ungekufa nazo. Tulikuwa tunashika paipu moja, kila mtu anaapa kwake kuko sawa, na katikati kumejaa hewa."

Nafuna aliinamisha kichwa.

"Sisemi tukae tukilia," aliendelea Wanzala. "Ukuta ukipinda, unabomoa, unajenga tena. Lakini kuanzia leo, mwenye shida ndiye anaanza kusema. Asingoje aulizwe. Kikohozi kikikaa wiki mbili, sema, upimwe. Ukificha ugonjwa ili usimsumbue mtu unayempenda, unamsumbua mara mbili. Hata hizo seli za mwalimu wako, ambazo hazikuingia darasa hata moja, zinalijua hilo."

Alivaa kofia yake akaondoka, kwa sababu alikuwa amemaliza.

Walipobaki wawili, Lavender alitoa kile kitambaa cha samawati mfukoni. "Mama, hiki ni chako. Nilikichukua bila kuomba."

Nafuna alikipokea, akakikunjua, akakitazama kwa muda. "Leta karai," alisema. Alikifua kwa mikono yake ya mtu aliyefua nguo za watu maisha yake yote, maji mawili yenye sabuni, maji mawili ya kusuuza. Kisha akatoka nacho nje, akakianika kwenye kamba ya ploti, katikati, penye jua.

Jirani mmoja, Wangoi, alikuwa anaanua nguo zake. "Mama Lavender, mtoto amerudi! Alikuwa wapi siku hizi zote?"

Lavender alimwona mama yake akisita. Vidole vyake vilibaki juu ya kamba.

"Alikuwa kwa anko yake," alisema Nafuna. Kisha akainua sauti kidogo, wenye milango iliyo wazi wasikie. "Tulikuwa na TB, Wangoi. Mimi na yeye. Tunameza dawa, tunapona. Na wewe, yule mtoto wako mdogo anakohoa tangu Pasaka, nitakuonyesha kliniki ni wapi."

Wangoi alisimama na nguo zake kifuani. Kisha alizitupa ndani ya beseni.

"Ni wapi?" aliuliza. "Niambie, nikamchukulie viatu twende naye sasa hivi."